Slashi moja tu, harusi za watu zikaenda

Shuka matatu Kileleshwa halafu umwambie jamaa wa boda, "Nipeleke pale kwa geti nyeusi." Atakucheka. Siku hizi nyumba za zamani zinabomolewa, ghorofa zinaota kila kona, na karibu kila ghorofa ina geti nyeusi. Lakini mwambie Othaya Road, jina la jumba na nambari ya mlango, utafika bila stori nyingi.

Kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Kila faili ina njia yake, na njia ikiandikwa leo hivi, kesho vile, mtu anapotea. Hili nimelijua baada ya kuungua.

Mwaka jana nilipata kibarua kwa mpiga picha mmoja mtaani. Kazi ilikuwa kunakili folda yake ya picha kutoka kwa kompyuta ya Linux hadi diski ya nje. Kwenye diski hiyo tayari kulikuwa na risiti na harusi za wateja wa zamani. Nikafungua mwongozo fulani unaoeleza amri ya rsync. Ukurasa mmoja uliandika folda hivi: picha. Mwingine: picha/. Tofauti haikuelezwa popote. Nikachukua ya pili, nikaongeza --delete kama nilivyoshauriwa, nikabonyeza Enter.

Kumbe bila slashi, rsync hubeba folda yenyewe na kuiweka ndani ya diski. Ukiweka slashi mwishoni, hubeba vilivyomo tu. Nayo --delete hufuta chochote kilicho kule unakopeleka lakini hakipo kule unakotoa. Kwa hivyo diski nzima ikalazimishwa kufanana na folda moja. Risiti, kwaheri. Harusi, kwaheri. Programu ya kuokoa faili ilirudisha chache tu. Sikulipwa, na sikuwa na uso wa kudai.

Slashi ilianza wapi kutuchanganya?

Unix ilitumia / tangu miaka ya 1970. MS-DOS ya kwanza haikuwa na folda ndani ya folda, na alama hiyo ilishapewa kazi nyingine kwenye amri. Toleo la 2.0 lilipoleta folda mwaka wa 1983, ikabidi watumie \. Ndiyo maana Windows ina C:\Users na Linux ina /home.

Si hayo tu. Kwa Linux, Picha na picha ni vitu viwili tofauti. /picha inaanzia kwenye mzizi wa mfumo, ~/picha iko nyumbani kwako, na picha pekee inategemea umesimama wapi. Ni kama kuambiwa "ingia mkono wa kulia". Kulia kwa nani, ukitokea wapi?

Wanaoandika kurasa za mwongozo za Linux wanalijua hili. Wana ukurasa mzima, man-pages(7), unaowaambia waandike vipi: majina ya faili na njia zake yawe italiki, na hata pathname liandikwe kama neno moja. Utadhani ni mwalimu wa insha anatafuta makosa. Lakini mwandishi akishika mtindo mmoja, msomaji akiona alama imebadilika anajua maana pia imebadilika. Mwongozo wangu ulibadilisha alama ovyo, nami nikadhani hazina maana.

Basi wewe unayeandikia wenzako maelezo kwa grupu ya WhatsApp, andika njia kamili, chagua mtindo mmoja, na kama slashi ya mwisho ina kazi, sema. Wewe unayesoma, andika pwd kwanza ujue uko wapi. Halafu jaribu rsync na --dry-run pamoja na -v: itakuonyesha itakachofanya bila kugusa kitu.

Yule mpiga picha bado tunapishana njiani. Tunasalimiana, lakini kazi zake sasa anampa mtu mwingine.