Diski ya nje ikigoma, haraka ndiyo hupoteza mafaili

MPIGA picha wa harusi huweka humo kazi ya msimu mzima. Mwanafunzi wa chuo kikuu huweka tasnifu yake, mwenye duka huweka hesabu zake za miaka mitano, na familia huweka picha za wazee waliokwishatangulia mbele ya haki. Vyote hivyo hukaa ndani ya kasha dogo linaloenea kiganjani, yaani diski ya nje ya kompyuta. Siku diski hiyo inapogoma kusomeka, mwenye mali hushikwa na kiwewe, na mara nyingi ni hicho kiwewe, wala si ubovu wenyewe, kinachoangamiza kazi ambayo bado ilikuwa inaweza kuokolewa.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulielewa ni kwamba diski kugoma si sawa na mafaili kufutika. Mafaili yanaweza kuwa yamekaa salama mahali pake, ila njia ya kuyafikia ndiyo iliyokatika. Kwa sababu hiyo, hatua zinazochukuliwa katika saa za mwanzo ndizo zinazoamua kama yatarudi au la.

Ndani ya kasha mna nini?

Diski ya kawaida ina sahani moja au zaidi, za alumini au kioo, zilizopakwa utando mwembamba wenye sumaku. Katika diski nyingi ndogo za kubeba, sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa kila sekunde. Juu yake huelea vichwa vidogo vinavyosoma na kuandika, bila kuzigusa. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani ni ndogo mno, kiasi kwamba unywele mmoja wa binadamu una unene unaoizidi maelfu ya mara. Hata chembe moja ya vumbi ikiingia humo huwa kama jiwe lililoachwa katikati ya barabara kuu.

Diski pia huwa na orodha inayoonyesha kila faili limewekwa wapi, mfano wa kadi za maktaba zinazoonyesha rafu ya kila kitabu. Unapofuta faili, kwa kawaida kinachoondolewa ni kadi tu, ilhali kitabu hubaki rafuni mpaka kingine kiwekwe mahali pake. Hali ni hiyo hiyo pale diski inapofomatiwa kwa njia ya haraka. Ndiyo maana faili lililofutwa jana linaweza kurudishwa leo, lakini likishaandikiwa jingine juu yake, halina marejeo.

Tambua aina ya tatizo

Matatizo ya diski za nje yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza si ubovu wa diski hata kidogo. Waya wa USB umelegea au kukatika ndani, tundu la kompyuta halitoi umeme wa kutosha, au adapta imekufa. Iwapo diski haijaanguka na haitoi mlio usio wa kawaida, jaribu waya mwingine, tundu jingine, kisha kompyuta nyingine. Kwa diski kubwa za mezani zenye adapta yake, hakikisha adapta unayotumia ni yenye volti zile zile zilizoandikwa kwenye kasha. Adapta ya kompyuta ya mpakato yenye volti 19, ikichomekwa katika diski ya volti 12, inaweza kuunguza bodi ya umeme mara moja.

Kundi la pili ni la orodha kuharibika. Hapa diski huzunguka vizuri na kompyuta huitambua, pengine hata kwa ukubwa wake sahihi, lakini hudai kuwa diski ni tupu au humtaka mwenyewe aifomati. Chanzo chaweza kuwa umeme kukatika wakati wa kunakili, diski kuchomolewa bila kufungwa kwanza, au virusi. Usikubali kufomati. Swali hilo la kompyuta si ushauri wa kitaalamu. Maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kusoma orodha tu.

Kundi la tatu ndilo la hatari, nalo ni ubovu wa vyombo vyenyewe. Dalili zake ni mlio wa kugonga-gonga au kukwaruza, ukimya kamili ambapo awali diski ilisikika ikizunguka, au kompyuta kukwama kila diski inapochomekwa. Diski iliyoanguka ikiwa inafanya kazi huingia katika kundi hili hadi ithibitike vinginevyo.

Mambo ya kuepuka

Diski inayogonga-gonga ichomolewe papo hapo na isiwashwe tena. Kichwa kilichovunjika, kikiendelea kusuguana na sahani, hukwangua ule utando wenye sumaku, na utando huo ndio mafaili yenyewe. Hakuna mtaalamu awezaye kusoma kilichogeuka vumbi.

Aidha, epuka dawa za mitaani. Wapo wanaoshauri diski iwekwe kwenye friza usiku kucha. Ushauri huo huleta unyevu juu ya sahani na kuongeza balaa. Wengine huifungua kwa bisibisi mezani, wakaingiza vumbi katika muda wa dakika chache. Vile vile, kubadilisha bodi ya umeme kwa kuchukua ya diski nyingine ya aina ile ile mara nyingi hakufanyi kazi, kwani bodi hubeba kumbukumbu za vipimo vinavyohusu diski hiyo moja tu, na kumbukumbu hizo ni lazima zihamishwe.

Tahadhari nyingine inahusu programu ya CHKDSK iliyomo katika Windows. Kazi yake ni kunyoosha orodha ya diski ili iweze kutumika tena, wala si kuokoa mafaili. Ikiendeshwa kwenye diski inayokufa, yaweza kuondoa mabaki ambayo mtaalamu angeyatumia.

Hatua za uokoaji

Kwa tatizo la orodha, kanuni ni moja: nakili kwanza, tibu baadaye. Tafuta diski nzima yenye nafasi isiyopungua ile ya diski mbovu, kisha chukua nakala kamili, kipande kwa kipande, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu. Programu ya bure iitwayo GNU ddrescue, inayotumika katika Linux, imeundwa kwa kazi hiyo. Husoma kwanza sehemu nyepesi, huruka zile zinazosumbua, ndipo huzirudia mwishoni, huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofikia. Hivyo diski dhaifu haichoshwi na sehemu moja mbovu kabla nzima hazijaokolewa.

Baada ya hapo, majaribio yote yafanyike juu ya nakala. TestDisk, nayo ya bure, hujaribu kurejesha orodha iliyoharibika. Ikishindikana, PhotoRec hupekua diski nzima ikitafuta alama zinazotambulisha mwanzo wa picha, video au hati. Kasoro yake ni kwamba mafaili hurudi bila majina yake ya awali, hivyo kazi ya kuyapanga ni kubwa. Kwa wanaotumia Windows, Microsoft ilitoa programu yake ya bure ya Windows File Recovery mwaka 2020. Programu yoyote utakayoichagua, isiwekwe ndani ya diski inayookolewa, na mafaili yanayopatikana yahifadhiwe kwenye diski nyingine.

Kwa ubovu wa vyombo, kazi hiyo haifanyiki nyumbani. Hufanywa katika chumba au kabati lenye hewa iliyochujwa vumbi, na huhitaji vipuri kutoka diski ya aina ile ile.

Mfano unaojulikana sana ni wa chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilichovunjika Februari 1, 2003 kikirejea duniani na kuua wanaanga wote 7. Miongoni mwa mabaki yaliyookotwa huko Texas ilikuwamo diski ya megabaiti 340 yenye takwimu za jaribio la kisayansi kuhusu gesi ya xenon. Ilikuwa imeungua na kuchafuka vibaya. Hata hivyo, mtaalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack alisafisha sahani zake, akazihamishia katika diski nyingine, na takriban asilimia 99 ya taarifa zikapatikana. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 2008.

Siri ya mafanikio hayo ni kwamba sehemu ya sahani iliyoharibika haikuwa ile iliyoandikwa takwimu, na hakuna aliyeiwasha diski hiyo kubahatisha. Moto na kishindo havikuizima kazi ile, ilhali dakika chache za kukwaruza zinaweza kuimaliza diski iliyoanguka kutoka mezani tu.

Diski za SSD

Diski mpya nyingi za nje ni za SSD, zisizo na sahani wala vichwa. Hizi hustahimili kuanguka, lakini zina hatari yake. Kompyuta inapofuta faili inaweza kutoa amri iitwayo TRIM, inayoiruhusu diski kusafisha nafasi hiyo moja kwa moja, na faili likasahaulika kabisa. Kadhalika, diski iliyofungwa kwa usimbaji haiwezi kuokolewa bila ufunguo wake, hata kama mafundi wataitengeneza ikawaka.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Muulize fundi kama huchukua nakala kamili kabla ya kuanza, kama ana mahali pasipo na vumbi pa kufungulia diski, na kama utalipa iwapo hatapata kitu. Atakayeanza kuifungua mbele yako kwenye meza ya duka, mshukuru na uondoke na diski yako. Kumbuka pia kuwa atakayeiokoa ataona kilichomo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, hivyo aliyehifadhi taarifa za wateja hana budi kujua anazikabidhi kwa nani.

Kinga ni nafuu kuliko uokoaji. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3 za kila faili, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mbali na nyumbani au ofisini. Wengi hununua diski ya nje, wakahamishia mafaili yote humo na kuyafuta kwenye kompyuta, wakiamini kuwa wameweka akiba. Hiyo si akiba, kwani nakala imebaki ile ile moja. Asiyemudu diski 3 aanze na vile visivyoweza kupigwa picha wala kuandikwa tena, avinakili katika diski ya pili na kuikabidhi kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine.