Utangulizi: Mteremko wa Mstari

Dereva anayepandisha lori lenye shehena Kitonga, kule Iringa, hahitaji mwalimu wa hisabati amwambie mteremko ni nini. Gia anayoishusha inatosha. Hisabati inamwongezea namba tu. Kwa kila mita 100 za kwenda mbele kwa usawa, barabara inapanda mita ngapi? Ikipanda 8, mteremko ni 8 kwa 100, yaani asilimia 8.

Kwenye grafu hesabu ni ileile. Chukua nukta mbili za mstari mnyoofu, tuseme (2, 3) na (6, 11). Kwa wima tumepanda 8, kwa mlalo tumesogea 4. 8 gawanya kwa 4 ni 2. Chukua nyingine mbili zozote za mstari huohuo, jibu litabaki 2, na huo ndio unyoofu wenyewe. Mstari unaoshuka kuelekea kulia una mteremko hasi, uliolala una sifuri, na uliosimama wima hauna kabisa, maana hatugawanyi kwa sifuri. Hayo ya darasani yanatosha.

Jambo ambalo mgeni wa somo hili huchelewa kulishika ni kwamba jicho halipimi mteremko. Tanua kipimio cha wima, mstari utasimama kama ukuta, kibane, utalala. Wanaochora grafu za magazetini wanalijua sana hilo, na wanasiasa pia. Namba haidanganyi, mradi uisome pamoja na vipimo vyake: shilingi kwa kilo, nyuzi kwa kilomita.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1929. Edwin Hubble, mwanaastronomia wa Marekani, alipanga umbali wa galaksi kwenye mhimili wa mlalo, na kasi zinayokwenda nayo mbali nasi kwenye ule wa wima. (Mhimili huo uliandikwa kilomita tu, "kwa sekunde" ikasahaulika!) Nukta zilijipanga kandokando ya mstari mnyoofu: kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo kasi yake ilivyo kubwa. Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa ameshalifikia wazo hilo mwaka 1927. Mteremko wa Hubble ulikuwa kama kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na megaparseki moja ni miaka-nuru milioni 3.26.

Sasa tazama vipimo. Kasi gawanya kwa umbali. Ukiupindua mteremko huo, unabaki na muda. Wa Hubble ulitoa kama miaka bilioni 2 tangu galaksi zote zilipokuwa pamoja, ilhali madini yenye mionzi yaliipa Dunia umri mkubwa zaidi. Ulimwengu mdogo kuliko Dunia iliyomo ndani yake! Kasi hazikuwa na tatizo kubwa. Kosa lilikuwa chini, kwenye mlalo: mwaka 1952 Walter Baade alitangaza kwamba nyota zilizotumika kupimia umbali, zile zinazong'aa na kufifia kwa zamu, ni za aina mbili zilizokuwa zimechanganywa. Umbali ukawa mara mbili, na kigawanyo kikikua mara mbili mteremko hupungua nusu, huku umri ukiongezeka maradufu.

Masahihisho mengine yalifuata, na leo mteremko uko karibu na 70, umri ukiwa kama miaka bilioni 14. Lakini wanaopima kwa nyota na galaksi hupata kama 73, wanaoanzia kwenye mnururisho wa kale wa anga hupata kama 67, na ubishi wao unaendelea.