Swali la bunge la kaunti lina thamani gani kwa mfanyabiashara?

Mfanyabiashara aliyeuzia hospitali ya kaunti vifaa, akapewa hati ya kupokelewa mali na kuwasilisha ankara, anaujua uchungu wa kusubiri. Benki inadai riba yake kila mwezi, mwenye ghala anataka kodi, na ofisi ya fedha ya kaunti ina jibu lile lile: fedha hazijaingia. Mwenzake wa sokoni naye ana lake. Ada ya kibanda imepanda, lakini taa haziwaki na taka hazizolewi.

Wote wawili wana mlango ambao wengi huupita bila kubisha, nao ni swali la mwakilishi wadi katika bunge la kaunti. Swali hilo likiulizwa vizuri huilazimu serikali ya kaunti kutoa maelezo kwa maandishi. Likiulizwa vibaya, huishia kwenye makofi na kelele za ukumbini.

Mawaziri wasiokaa bungeni

Serikali 47 za kaunti nchini Kenya zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, zikitokana na Katiba ya mwaka 2010. Kwa mujibu wa Katiba hiyo, leseni za biashara na masoko ni kazi ya kaunti, sawa na huduma za afya za kaunti, barabara za kaunti na uzoaji taka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama za mfanyabiashara mdogo huamuliwa na gavana na mawaziri wake wa kaunti, na kupitishwa na wawakilishi wadi.

Hata hivyo, mawaziri wa kaunti si wabunge. Kifungu cha 179 cha Katiba kinamtaka gavana awateue kutoka nje ya bunge, kisha bunge liwaidhinishe. Hawapo ukumbini kujibu maswali ya papo kwa papo kama ilivyozoeleka katika mabunge ambamo mawaziri ni wabunge.

Kutokana na hali hiyo, mabunge mengi ya kaunti yamekuwa yakitumia utaratibu wa kuomba taarifa. Mwakilishi huwasilisha ombi lake, na spika huelekeza suala hilo kwa mwenyekiti wa kamati inayohusika, kwa mfano kamati ya biashara au ya afya. Kamati huitaka idara itoe majibu, kisha mwenyekiti huyasoma ukumbini, na mwuliza swali hupata nafasi ya kudai ufafanuzi.

Kamati ina nguvu kuliko ukumbi

Nguvu kubwa zaidi imo katika vyumba vya kamati. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 39, inairuhusu kamati kumtaka waziri wa kaunti afike mbele yake na kujibu swali lolote linalohusu majukumu yake. Kifungu cha 195 cha Katiba kinaongeza uzito: bunge la kaunti na kamati zake zinaweza kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au habari, zikiwa na mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu katika kuwalazimisha mashahidi kufika na kuleta hati.

Aidha, kifungu cha 183 kinawataka mawaziri wa kaunti walipatie bunge ripoti kamili, tena mara kwa mara. Kutoa maelezo ni wajibu wao, hata bunge lisipouliza.

Kwa mfanyabiashara, tofauti kati ya ukumbi na kamati ni kama tofauti kati ya tangazo la bei na risiti. Ukumbini hupatikana maneno, lakini kamati inaweza kudai daftari la madeni, mkataba wa zabuni na orodha ya waliolipwa.

Jibu la “fedha hazijaingia”

Jibu hili ndilo husikika zaidi, na mara nyingine ni la kweli. Mgao wa Hazina ya Taifa huchelewa, na kaunti nyingi hutegemea mgao huo kuliko mapato yao wenyewe. Lakini jibu hilo linaweza kupimwa.

Kipimo cha kwanza ni ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ambaye idhini yake huhitajika kabla ya fedha za umma kutolewa katika mfuko wa kaunti. Ripoti zake huonyesha fedha zilizotolewa, mapato yaliyokusanywa na kaunti yenyewe, na madeni ya wazabuni ambayo hayajalipwa. Cha pili ni ripoti za robo mwaka ambazo hazina ya kaunti inatakiwa kuzipeleka bungeni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Cha tatu ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, ambayo bunge linatakiwa kuijadili na kuichukulia hatua katika muda wa miezi 3 baada ya kuipokea.

Mwakilishi mwenye ripoti hizo mkononi haulizi, “Mtalipa lini?” Huuliza: robo mwaka hii zilitolewa kiasi gani kwa idara ya afya, nani alilipwa, na kwa utaratibu gani mwenye ankara ya zamani amerukwa? Swali la aina hiyo halina pa kukwepea.

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 nayo inamkataza ofisa mhasibu kuanza ununuzi kabla ya kuridhika kwamba fedha za kutosha zimetengwa katika bajeti. Swali zuri basi ni hili: oda ilipotolewa, fungu lake lilikuwa wapi?

Ada na ushuru

Kuhusu ada, Katiba iko wazi. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa bila sheria. Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kwa namna inayodhuru biashara kati ya kaunti na kaunti, au usafiri wa bidhaa nchini. Mwenye lori la viazi anayetozwa ushuru katika kila kaunti anayopita ana hoja ya kumpa mwakilishi wake.

Mfano wa uzito wa jambo hili ni Kiambu. Mwezi Aprili 2014, Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Maswali kuhusu ushirikishwaji yangekuwa na gharama ndogo bungeni kuliko mahakamani.

Majibu yasiporidhisha

Bunge lina meno mawili. La kwanza ni la waziri wa kaunti. Theluthi moja ya wabunge wakiunga mkono hoja ya kumwondoa, kamati teule ya watu 5 huchunguza na kutoa ripoti katika siku 10. Tuhuma zikithibitika na wabunge walio wengi wakipiga kura ya kumwondoa, gavana hana budi kumfuta kazi. La pili ni la gavana mwenyewe, linalohitaji theluthi mbili ya bunge, kisha uamuzi wa Seneti. Mwaka 2020 Seneti iliwaondoa magavana wa Kiambu na Nairobi kwa njia hiyo.

Lakini meno hayo hayamlipi mzabuni. Waziri akiondoka, deni hubaki. Ndiyo maana swali la mapema, lenye tarakimu na tarehe, lina faida zaidi kwa mwenye mtaji mdogo.

La kufanya

Mfanyabiashara anayetaka swali lake liulizwe anashauriwa kuandaa nakala za oda, hati ya kupokelewa mali na ankara, aziambatishe na barua fupi kwa mwakilishi wadi wake, na nakala kwa karani wa bunge. Wenye tatizo moja wakijiunga, hoja huwa nzito. Sheria pia inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni moja kwa moja, hata la kutaka sheria ya kaunti ibadilishwe. Vikao navyo, pamoja na vya kamati, kwa kawaida viko wazi kwa umma.

Mwekezaji anayefikiria kuomba zabuni afanye hesabu hiyo kabla ya kukopa. Asome ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, atazame madeni ya kaunti husika, kisha aulize kama kamati ya bunge lake imewahi kumwita waziri wa fedha kuyaeleza. Kaunti yenye madeni makubwa na bunge lililo kimya ni mteja wa kumwogopa.