Injini Inayozima Ikipata Moto: Ubovu Unaojificha Gari Likipoa

Miongoni mwa maradhi ya magari ya zamani yenye kabureta, yakiwamo Land Rover 109, Peugeot 504 na Datsun 120Y, hakuna ugonjwa unaowachosha wenye magari na mafundi wa Dar es Salaam kama ule wa injini inayowaka vizuri asubuhi, ikatembea nusu saa bila kasoro, kisha ikishapata moto katika foleni ya Barabara ya Kilwa, kati ya Mbagala na Mtoni, ikazima na kukataa kuwaka mpaka ipumzike. Gari hilo likivutwa hadi gereji ya Chang'ombe, Keko au Mwananyamala huwaka kwa mpigo mmoja wa stata mbele ya fundi, kwa kuwa muda wa kulivuta umetosha kulipoza, na hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea, kwani fundi asiyeuona ubovu hulazimika kukisia, na kila anapokisia mwenye gari hutumwa Gerezani kununua kipuri kingine.

Ubovu huu usichanganywe na ule wa gari kuchemsha. Gari linalochemsha ni lile ambalo maji ya rejeta yamepungua au hayazunguki, na mshale wa joto hupanda hadi kwenye alama nyekundu kabla injini haijalalamika. Gari linalozungumziwa hapa huzima huku mshale ukiwa katikati na maji yakiwa kamili, kwa sababu kilichokosekana ni petroli au cheche ya kuiwasha. Uchunguzi wote, hata ukionekana mrefu, unatafuta jibu la swali hilo moja, nalo hujibika katika dakika tano za kwanza baada ya injini kuzima. Zikipita hizo, shahidi ameondoka.

Cheche huanzia kwenye koili, ambayo ni kopo la chuma lenye nyaya mbili za shaba zilizoviringwa ndani yake, mmoja mnene wenye mizunguko michache na mwingine mwembamba kama unywele wenye maelfu ya mizunguko. Umeme wa betri wa volti 12 ukipita katika waya mnene kisha ukakatwa ghafla, waya mwembamba hutoa umeme unaoweza kufika volti 20,000, nao ndio unaoruka kwenye ncha ya plagi. Kazi ya kuukata hufanywa na pointi, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vilivyomo ndani ya distributa, ambavyo hugusana na kuachana kwa mwanya usiozidi nusu milimita, na kando yake hukaa kondensa, kikopo kisichozidi ncha ya kidole, ambacho humeza umeme ambao vinginevyo ungeruka kati ya pointi na kuziunguza.

Joto huviathiri vyote hivyo. Ukinzani wa shaba, yaani ugumu wake wa kupitisha umeme, huongezeka kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za sentigredi, hivyo koili iliyosoma omu 3 ikiwa na nyuzi 25 itasoma karibu omu 3.9 ikifika nyuzi 100, jambo ambalo koili nzima hulivumilia. Kinachoiangusha ni kuchakaa kwa utando unaotenganisha mzunguko mmoja wa waya na mwingine, kwani utando huo ukipata ufa umeme hupenya na kupotelea ndani kwa ndani, au ni waya wenyewe uliokatika, ambao ncha zake hugusana zikiwa baridi, huachana chuma kinapotanuka kwa moto, kisha hukutana tena kinapopoa. Hiyo ndiyo siri ya koili inayokufa na kufufuka, na kondensa nayo hufa na kufufuka vivyo hivyo.

Hapa panahitaji neno kuhusu koili mpya, maana imebebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Yapo magari yaliyotoka kiwandani na koili ya omu 1.5 hivi inayosaidiwa na rezista, kipande kinachopunguza umeme unaoifikia, na yapo yaliyotoka na koili ya omu 3 isiyohitaji msaada huo. Koili ya kundi la kwanza ikifungwa katika gari la kundi la pili hupitisha umeme karibu mara mbili ya unaotakiwa, huwa ya moto kila siku, na hufa mapema, kisha mnunuzi hurudi dukani akilalamika kwamba ameuziwa feki. Feki zipo kweli, lakini kipimo cha omu kwa mita ya umeme ya kawaida, kinachochukua dakika moja, kingepaswa kutangulia lawama hizo.

Upande wa petroli una mantiki yake. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi zaidi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi, kiwango kisicho mbali na joto la mchana wa Dar es Salaam mwezi Januari na Februari, wakati kivuli chenyewe hupita nyuzi 30. Magari ya kisasa huisukuma petroli kwa nguvu kutoka ndani ya tangi, na kimiminika kilicho chini ya mgandamizo mkubwa hakichemki upesi, ilhali gari la zamani lina pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, yenye moto tayari, ambayo huivuta petroli kutoka nyuma ya gari, na kuvuta huko hushusha mgandamizo ndani ya bomba na kurahisisha kuchemka. Mvuke ukishajaa ndani ya pampu, pampu hupiga bure, kwa sababu mvuke hubanwa na kutanuka bila kusogea mbele.

Joto hilohilo huweza pia kuizamisha injini badala ya kuinyima. Dereva akizima gari kwa dakika kumi ili anunue mboga sokoni Tandika, feni na maji husimama wakati chuma bado kina moto, joto chini ya boneti hupanda kuliko lilivyokuwa gari likitembea, na petroli iliyomo ndani ya kabureta huchemka na kumwagikia njia ya hewa. Akirudi hukuta harufu kali ya petroli na injini isiyowaka. Tiba yake ni kukanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho na kuishikilia hapo huku stata ikizungusha, bila choki, ili hewa nyingi iingie ikaushe mitungi; kuipigapiga pedali huzidisha mafuriko.

Namna injini inavyokufa ni ushahidi wa kwanza. Cheche ikikosekana, injini hukatika ghafla kama taa iliyozimwa. Petroli ikikosekana, husita, hukohoa, hupoteza nguvu polepole, pengine huamka kidogo kabla ya kunyamaza. Baada ya hapo gari lisogezwe kando ya barabara na cheche ipimwe kwanza, kwa mpangilio usiopaswa kugeuzwa, kwa kuwa kupima cheche baada ya kumwaga petroli ni kualika moto. Plagi ya akiba huchomekwa kwenye waya wa plagi, mwili wake hulazwa juu ya chuma cha injini na kushikwa kwa koleo yenye mpini wa mpira, kisha msaidizi hupiga stata: cheche ya buluu yenye mlio mkavu huonyesha kwamba umeme ni mzima, ilhali ya njano iliyofifia, au kutokuwapo kwa cheche, huelekeza kwenye koili, kondensa, pointi, au waya mwembamba ulio ndani ya distributa, unaokatika ndani ya plastiki yake bila kuonekana.

Cheche ikiwa nzuri, ndipo kabureta ifunguliwe upande wa hewa na mkono wa mafuta uvutwe mara moja huku fundi akichungulia ndani: petroli ikichuruzika kwa nguvu, ipo, ikikosekana, imekwama njiani. Katika Land Rover za petroli za lita 2.25, mwanga ni mkubwa zaidi, maana pampu yake ina kikombe cha kioo na mkono mdogo wa kupigia petroli kwa kidole, hivyo fundi huyaona mapovu yakipanda ndani ya kioo na kuuhisi mkono ukiwa mlegevu. Hapo ndipo kitambaa kibichi cha madereva wa zamani, kinachofungwa kwenye pampu, kinapostahili heshima ya kipimo, mradi kifungwe sehemu moja tu kwa wakati: injini ikiwaka mara baada ya pampu kupozwa, mhalifu ni mvuke, koili ikipozwa peke yake kwa kitambaa kilichokamuliwa na injini ikawaka, mhalifu ni koili.

Kuna ubovu unaojifanya wa joto nao si wa joto. Mfuniko wa tangi usio na tundu la hewa, hasa ule uliotolewa gari jingine, huacha ombwe tangini kadiri petroli inavyopungua, mpaka pampu ishindwe kuvuta. Gari likisimama hewa hupenya taratibu na mambo hutengemaa, ikadhaniwa kwamba injini imepoa. Mfuniko ukifunguliwa mara tu gari linapozima, hewa husikika ikifyonzwa ndani. Kutu ya tangi la gari lililolala muda mrefu hufanya mchezo kama huo, kwani huvutwa hadi mdomoni mwa bomba na kuuziba, kisha huanguka pampu inaponyamaza.

Ujuzi huu ni mali ya nchi. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, aliwaandika mafundi wa Tanzania kama watu wa maarifa na ubunifu, na mamia ya Land Rover zilizokusanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 zilionyesha jinsi kazi yao ilivyodumu. Hata hivyo, vijana wanaoingia gereji leo hujifunzia kwenye magari ya Kijapani yanayosomwa kwa mashine, na kabureta haina mahali pa kuchomeka mashine hiyo. Ni haki yao kuoneshwa kikombe cha kioo na plagi iliyolazwa juu ya chuma kabla wanaovijua hawajastaafu.

Kwa hiyo mwenye gari la namna hii asiliache gereji na kuondoka. Apande na fundi, wachukue plagi ya akiba, mita, koleo na kitambaa, waende nalo Mbagala mchana wa jua mpaka lizime, na kipuri kisinunuliwe kabla ya hapo.