Motokaa ya Zamani Inaposhindwa na Mlima

Barabara itokayo Embu kwenda Meru, kwa kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, hushuka na kupanda mabonde mengi ya mito itokayo Mlima Kenya. Hakuna kipimo bora cha motokaa kuliko njia hiyo. Gari lililozoea kupanda kutoka daraja la Nithi kwa gia ya tatu, likianza kutaka ya pili na kisha ya kwanza, lina ugonjwa, wala si uzee tu. Tena si ugonjwa wa kudharauliwa, maana gari lililojaa magunia likizimika katikati ya mlima laweza kurudi kinyumenyume na kuwaangukia walio nyuma yake.

Wako wanaotunza magari ya kabureta hata leo, kama vile Land Rover za zamani na Peugeot 404, ile iliyoshinda mashindano ya Safari mara nne kati ya 1963 na 1968. Fundi wa haraka akiletewa gari la namna hiyo hutwaa bisibisi na kuzungusha skrubu za kabureta. Hapo hukosea. Skrubu hizo husawazisha mngurumo wa gari lililosimama. Mlimani, kanyagio likiwa limefika chini, hazina kazi kubwa.

Ni kweli kwamba hewa ya juu ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake, hata ikifika Timau, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, imekwisha kupoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Lakini mlima haukui kwa mwezi mmoja. Gari likishindwa na kilima kile kile lililokipanda mwezi uliopita, hewa haina hatia.

Yafaa kwanza kuzigusa gurudumu kwa uangalifu baada ya safari. Lililo moto kuliko mengine lashikwa na breki. Injini ikivuma kwa nguvu na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Kisha mtu mmoja akanyage kanyagio, injini ikiwa imezimwa, na mwingine atazame kama kabureta inafunguka yote. Mara nyingi waya umelegea tu, au zulia limekunjamana chini ya kanyagio.

Gari likififia mlimani, likapumzishwa kidogo, likapata nguvu tena, petroli haifiki ya kutosha. Kifuniko cha tangi kifunguliwe papo hapo. Kikitoa sauti ya kuvuta hewa, na gari likapona, basi kitundu chake kimezibwa na vumbi jekundu, na dawa yake ni sindano. La sivyo, chujio na pampu zitazamwe, mbali na moto na sigara.

Plagi nazo husema mengi. Rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa ni afya. Masizi makavu meusi yaonyesha petroli imezidi, au chujio la hewa limejaa vumbi, au choki haikurudishwa yote. Weupe waonyesha petroli ni haba. Plagi iliyolowa oili ni habari mbaya: huenda ringi za pistoni zimekwisha. Hapo fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Iliyo dhaifu itiwe kijiko cha oili na kupimwa tena: kipimo kikipanda, ringi zimechakaa; kisipopanda, zitazamwe valvu au gasketi. Pointi za distributa zisisahauliwe, kwani zikiungua cheche hudhoofika.

Yote hayo yakiwa safi, ndipo kabureta ifunguliwe. Maji na uchafu vilivyotuama katika bakuli lake vimwagwe, na vitundu vya jeti visafishwe kwa kupulizwa hewa. Visichokonolewe kwa waya, kwani waya huvipanua, na tangu siku hiyo gari hunywa petroli ya magari mawili.