Rubriki na Upimaji wa Stadi za Utafutaji Maarifa Maktabani

Mwanafunzi wa tiba anapohitimisha somo la matumizi ya maktaba, mara nyingi hupewa maswali ya kuchagua jibu sahihi. Maswali hayo hupima anachokikumbuka. Hayaonyeshi atakavyotafuta ushahidi siku mgonjwa atakapokuwa mbele yake. Rubriki hujaribu kuliziba pengo hilo. Ni jedwali ambalo safumlalo zake ni vigezo vya kazi na safuwima zake ni viwango vya ubora, kila kisanduku kikieleza kwa maneno jinsi kazi ya kiwango hicho inavyoonekana.

Tuchukue swali hili: je, kutibu maji kwa klorini majumbani hupunguza kipindupindu miongoni mwa wakazi wa Buzebazeba, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji? Mwanafunzi hufungua PubMed, au HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 ili kuzipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba. Akiandika “cholera” na “Tanganyika” pekee, atachanganyikiwa upesi. Tanganyika ni ziwa, lakini pia lilikuwa jina la nchi hadi mwaka 1964. Makala za zamani kuhusu Tanga au Mwanza nazo zaweza kujitokeza. Isitoshe, ziwa lenyewe ni la nchi nne. Kipindupindu kimechunguzwa sana Kalemie na Uvira, upande wa Kongo, na baadhi ya maandiko hayo ni ya Kifaransa. Asiyeyatafuta kwa majina ya miji hiyo ataukosa ushahidi ulio ng’ambo tu ya maji.

Hapa ndipo safumlalo ya mkakati wa utafutaji inapopata maana. Kiwango cha chini: anatumia neno moja au mawili bila kuyabadili. Cha kati: anaongeza visawe, majina ya mahali na istilahi sanifu za MeSH. Cha juu: anarekebisha utafutaji kwa kufuata matokeo, na anaeleza sababu ya kuacha alichokiacha. Hayo hayasomeki katika orodha ya marejeo. Sharti mwanafunzi awasilishe pia shajara ya utafutaji wake.

Safumlalo ya kutathmini ushahidi, kwa maoni yangu, yastahili alama maradufu. Matokeo yaliyopatikana Kagunga mwezi Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukoni na kipindupindu kikazuka, hayahamishwi hivi hivi hadi kwenye kata ya mjini. Mwanafunzi anayeyahamisha bila kusita anaweza kesho kuhamisha dozi ya dawa kwa namna ileile.

Maneno kama “nzuri” na “ya kuridhisha” yaondolewe visandukuni, kwani kila mpimaji huyasoma apendavyo. Megan Oakleaf, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 2009 kwamba si kila mpimaji hutumia rubriki kwa uthabiti. Kwa hiyo mkutubi na mwalimu wa tiba wasahihishe kwanza kazi chache zilezile, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wanapotofautiana, kisanduku kiandikwe upya kabla ya kugusa kazi za darasa zima. Wanafunzi nao wapewe jedwali hilo siku wanapopewa swali.