Sura ya Mwanamke katika Noti: Vigezo vya Uteuzi wa Viola Desmond

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Hata hivyo, methali hii haielezi ni nani atoaye tuzo hiyo wala vigezo avitumiavyo. Makala haya yanaliangazia suala hilo kwa kurejelea uteuzi wa mwanamke wa kutiwa katika noti ya dola 10 ya Kanada.

Tarehe 8 Machi 2016, serikali ya Kanada ilitangaza azma ya kutoa noti yenye sura ya mwanamke wa nchi hiyo. Malkia Elizabeth II alikuwa katika noti kwa miongo mingi, lakini kwa hadhi ya kiti cha enzi. Wanawake watano waliopigania haki ya mwanamke kutambuliwa kisheria kuwa mtu walikuwa wameenziwa katika noti ya dola 50 tangu mwaka wa 2004. Mwaka wa 2012 nafasi yao ilichukuliwa na meli ya kuvunjia barafu.

Benki Kuu ya Kanada iliualika umma kupendekeza majina. Ilimpasa mteuliwa awe Mkanada, awe amefariki kwa angalau miaka 25, na asiwe mhusika wa kubuni. Mapendekezo zaidi ya 26,000 yalipokelewa, na majina 461 yakatimiza masharti. Jopo liliyachuja hadi 12, kisha 5. Miongoni mwao mlikuwa na mshairi, mhandisi wa ndege na mwanariadha. Waziri wa Fedha ndiye aliyekata shauri, na tarehe 8 Desemba 2016 jina la Viola Desmond likatangazwa.

Desmond alikuwa mfanyabiashara Mweusi wa Halifax, mtaalamu wa urembo. Mwezi wa Novemba 1946, katika mji wa New Glasgow, aliketi katika sehemu ya chini ya jumba la sinema iliyotengewa Wazungu. Alikuwa tayari kulipa nyongeza ya tiketi, akakataliwa. Aliburutwa nje, akalala korokoroni, kisha akatozwa faini kwa kosa la kutolipa kodi ya senti moja. Alifariki mwaka wa 1965; msamaha rasmi ulitolewa mwaka wa 2010. Noti yenye sura yake ilianza kutumika Novemba 2018. Kinaya kilichomo hakihitaji ufafanuzi: aliyehukumiwa kwa senti moja ndiye apambaye dola 10.

Waama, wapo wanaoshikilia kwamba picha haimshibishi mwanamke yeyote. Hoja hiyo ina uzito. Lakini uteuzi huu uliwalazimu raia kuusimulia upya ubaguzi ambao sheria iliuficha nyuma ya kodi.

Nchini Kenya hali ni tofauti. Kifungu cha 231(4) cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakataza sura ya mtu yeyote katika noti na sarafu. Basi si Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka wa 1913, wala Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2004, awezaye kutiwa humo. Katazo hilo linawaepusha Wakenya na viongozi wa kujitukuza, lakini haliwaondolei wajibu wa kuchagua wa kukumbukwa. Mzigo huo unabaki kwa shule, makavazi na watunzi wa fasihi, na hao nao hawana budi kuvibainisha vigezo vyao.